Kabla ya rangi, gonga tezi

Ndugu, umeuliza boti ya faiba ya marehemu baba yako, futi 16, iliyolala chini ya mwembe miaka tisa, uipake rangi gani ili Desemba irudi majini. Pesa ya rangi iache mfukoni kwanza. Mimi nilianza hivyohivyo na ya mzee wangu hapa Kilifi: makopo mawili meupe yakakaa stoo miezi kumi na minne.

Chukua nyundo ndogo, nenda tezini, yaani nyuma ya boti panapofungwa mashine, gonga. Ndani ya faiba pale kuna mbao. Mbao nzima inalia kavu, ko ko. Iliyooza inaitika kama papai lililoiva. Ukiwa na shaka toboa tundu dogo kwa upande wa ndani. Unga ukitoka mkavu na mweupe, shukuru. Wangu ulitoka kahawia na umelowa, kama majani ya chai yaliyochujwa.

Faiba yenyewe haiozi. Kinachooza ni plaiwudi iliyofichwa katikati, na maji huipata kupitia matundu ya skrubu. Kwetu mkosaji nilikuwa mimi: nikiwa kijana nilifunga ngazi ya kupandia waogeleaji kwa skrubu nne bila kuziba kitu. Mzee amekufa hajui.

Kabla ya kukata chochote, ikalishe boti sawasawa juu ya matairi na mbao, ibebwe kila mahali. Sakafu ndiyo inayoshika umbo. Ukiing'oa yote boti ikiwa juu ya mawe matatu, ubavu utapanuka na utaunda boti iliyopinda. Chini ya sakafu yetu kulikuwa na sponji ya kuelea. Ilikuwa imenyonya maji hadi kila gunia likawa kama la mchanga mbichi, ndiyo maana miaka ya mwisho boti ilikuwa nzito na sisi tukilaumu mashine.

Tezini nilikata ganda la ndani, nikaacha la nje, nikachokoa mbao yote. Nilifanya hivyo Januari kaskazi ikivuma, pakauke, masika usijaribu. Nikaweka plaiwudi ya baharini, vipande viwili vya milimita 18 vilivyogandishwa kwa epoksi, gundi kali ya kuchanganya. Pima kimo kwanza: mashine ya shafti fupi inataka tezi ya inchi 15, ndefu inchi 20.

Unapounga faiba mpya na ya zamani, saga mteremko mrefu, mara kumi na mbili ya unene. Ganda la milimita 5 linataka sentimita 6. Ukiweka kiraka juu ya rangi au jelikoti, lile tabaka la nje linalong'aa, kitabanduka. Ukitumia epoksi, usipake jelikoti ya poliesta (gundi nyingine ya faiba) juu yake, haishiki vizuri.

Poliesta ni rahisi kwa bei lakini ina hasira. Hadena, dawa ya kuigandisha, ni gramu 10 hadi 20 kwa kilo, na kwa joto letu kaa karibu na 10. Mimi nilikadiria kwa macho, saa saba mchana, nusu lita kwenye mkebe wa plastiki. Ulianza kutoa moshi, ukalainika mkononi, nikautupa mchangani. Tangu hapo nachanganya kidogokidogo alfajiri. Halafu vumbi: vaa barakoa ya kweli, si kitambaa. Faiba inawasha kuliko upupu. Mke wangu alikataa nguo zangu zifuliwe pamoja na za watoto.

Mashine ni mada nyingine. Safisha kabureta, badilisha impela, kile kifeni cha kusukuma maji ya kupoza, hata kama inaonekana nzima.

Rangi sasa: ya epoksi chini kama msingi, juu poliyurethani ya makopo mawili yanayochanganywa, nyeupe kwa sababu ya jua. Nimesaga boti nzima isipokuwa kipande cha omoni, mbele ya boti. Mzee aliliandika jina mwenyewe kwa brashi, na herufi moja imeruka.

Gonga tezi kesho, uje utuambie imelia vipi.