Nanga na bawaba za usukani: kutengeneza vyuma vya modeli ya jahazi

Modeli ya jahazi huweza kuwa na mbao zilizokaa sawasawa na tanga lililoshonwa kwa subira, kisha ikaharibiwa na nanga nene kama ndoano ya buchani. Jicho husamehe rangi iliyokosewa, lakini halisamehi unene. Ndiyo maana kazi ya vyuma huanza na hesabu kabla ya moto.

Tuchukue kipimo cha 1:24, maana hesabu yake ni nyepesi: milimita 24 za chombo chenyewe ni milimita 1 mezani. Utepe wa chuma unaoshika usukani, ukiwa na upana wa milimita 60 na unene wa milimita 10, unakuwa 2.5 kwa 0.4. Nanga ya sentimita 120 inakuwa milimita 50. Andika vipimo vyote kabla ya kununua chochote. Na kama unaunda mtepe badala ya jahazi, weka misumari kando kabisa: mbao za mtepe zilishonwa kwa kamba za nazi, na kichwa kimoja tu cha msumari juu ya ubao kinatosha kuuharibu ukweli wake.

Tumia shaba ya njano. Chuma hushika kutu hata chini ya vanishi, hasa kwa hewa ya pwani, na shaba nyekundu ni laini mno kwa pini. Vinavyohitajika ni shiti ya milimita 0.4, waya wa 1.0 na wa 0.7, na bomba lenye upana wa nje wa 2.0 na tundu la 1.1. Hilo bomba ndilo la kutafuta kwa bidii, kwa kuwa waya wa 1.0 hupita ndani yake bila kukwama wala kuchezacheza.

Tuanze na nanga ya makucha manne. Wengi hujaribu kuunganisha makucha moja moja kwenye ncha ya mti wa nanga. Usifanye hivyo. Ukipasha moto la tatu, la kwanza linaanguka. Kata waya nne za 1.0, kila moja milimita 72. Zisugue kwa msasa hadi zing'ae, zipange mbili juu ya mbili, kisha zifunge kwa waya mwembamba wa chuma usiopakwa zinki, kila baada ya milimita 10. Milimita 50 zitakuwa mti, na 22 zilizobaki ndizo makucha. Sehemu ya makucha ipake risasi ya penseli (grafiti) kotekote, kwa sababu lehemu haishiki palipo na risasi hiyo.

Koroga boraksi, unga unaosaidia lehemu kutambaa, na maji hadi iwe kama maziwa mazito, paka kwenye mti, kisha weka vipande vya lehemu ya fedha isiyo na kadimiamu, vidogo kama punje ya mchele iliyovunjwa mara mbili. Vinne vinatosha. Laza kazi juu ya mkaa uliosawazishwa uso, chumba kiwe na giza kidogo ili uione rangi ya shaba, na dirisha liwe wazi. Pasha shaba, usipashe lehemu. Boraksi itachemka, itavimba nyeupe, kisha itakuwa angavu kama maji. Hapo umekaribia. Lehemu laini ya fedha huyeyuka kwenye nyuzi 650 hadi 710 hivi, na shaba ya njano yenyewe huanza kuyeyuka karibu na 900. Tofauti hiyo inaonekana kubwa, lakini waya wa milimita 1 huivuka kwa sekunde chache, kwa hiyo moto usitulie mahali pamoja. Ukiona moshi mweupe, hiyo ni zinki inatoka: ondoa moto mara moja, na usiuvute huo moshi.

Lehemu ikijikunja kama ushanga badala ya kutambaa, sababu ni mojawapo ya mbili. Ama shaba ina mafuta ya vidole, ama moto uliupeleka kwenye lehemu na shaba ikabaki baridi. Kuongeza lehemu hakutasaidia. Safisha, paka boraksi upya, anza tena.

Ikishapoa, fungua waya wa chuma kwanza, ndipo uitie nanga kwenye maji moto yenye asidi ya sitriki, kijiko kimoja cha chakula kwa kikombe, kwa dakika 15. Chuma kikiingia humo pamoja na shaba, kazi hutoka na madoa mekundu. Itoe kwa kibano cha plastiki au kijiti.

Moto huohuo umeilainisha shaba, nawe utumie ulaini huo. Kunja kila kucha kwa kulizungusha kwenye kishikio cha keekee cha milimita 12, mara moja, bila kurudisharudisha. Gonga ncha zake juu ya fuawe ndogo hadi ziwe bapa, kisha zichonge kwa tupa. Ukigonga mno shaba huwa ngumu na kupasuka ukingoni. Mlio wa nyundo ukianza kuwa mkali, simama, ipashe hadi wekundu hafifu, iache ipoe, uendelee. Mti wenyewe uzungushie tupa hadi zile pembe nne ziishe, halafu toboa tundu la 0.8 kichwani kwa ajili ya pete ya waya wa 0.7.

Bawaba za usukani ni mbili mbili: jike lenye tundu kwenye fashini, yaani ubao wa nyuma wa chombo unaobeba usukani, na dume lenye pini kwenye usukani. Yatengeneze yote sawasawa kwanza. Kunja utepe kwa umbo la U unaobana unene wa ubao wake, chonga mfuo mdogo mgongoni kwa tupa ya mviringo, ulaze humo kipande cha bomba cha milimita 2.5. Bila mfuo huo bomba na utepe hugusana kwa mstari tu, na kiungo hukatika siku ya kwanza. Tia ndani ya bomba risasi ya penseli ya 0.9, isije lehemu ya fedha ikaziba tundu. Baadaye, kwa madume peke yake, ingiza pini ya 1.0 na uishike kwa lehemu ya bati isiyo na risasi, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 227 hivi, hivyo kiungo cha kwanza hakitikisiki.

Pini zitokeze milimita 4 chini ya bomba, isipokuwa ya chini kabisa, ambayo iwe 5. Inaingia kwanza, halafu inaziongoza nyingine. Na usukani ukatiwe nafasi chini ya kila dume, urefu wa jike pamoja na pini na ziada kidogo: 7, na 8 kwa ile ya chini. Hapa ndipo wengi hukwama, usukani umekamilika na haupandiki mahali pake. Unapogundisha majike kwenye fashini, pitisha waya mmoja mnyoofu wa 1.0 ndani ya yote hadi gundi ikauke.

Dawa ya kutia weusi haishiki vizuri kwenye lehemu kama inavyoshika kwenye shaba, kwa hiyo chonga ziada yote ya lehemu kabla ya kuitumia. Osha kwa asetoni, vaa glavu, chovya, suuza kwa maji mengi. Vyuma vyeusi vigundishwe kwa epoksi. Supa gluu huacha ukungu mweupe juu ya weusi, na kuufuta huondoa weusi pamoja nao.