Uliza Mwalimu: Njia ya Shela Imemezwa na Maji

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa watu wanaopanga likizo Lamu. Moja imetoka kwa mtu aliyekwisha kwenda na akarudi na hasira. Naanza na huyo, maana ana haki yake.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ulituandikia kwamba kutoka mjini Amu, yaani mji wa Lamu, hadi kijiji cha Shela ni mwendo wa dakika 45 kwa kufuata pwani. Nilishuka botini Ijumaa saa 9 na nusu alasiri, nikafuata maneno yako huku naburura sanduku la magurudumu. Katikati ya njia bahari ilinifika miguuni, halafu magotini, na upande wa pili ni ukuta. Kijana mmoja alinibebea sanduku kichwani, na hakuacha kucheka mpaka Shela. Mbona hukusema? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Marahaba, na uniwie radhi. Niliandika dakika nikasahau kuandika maji. Mtu aliyezaliwa mtaa wa Langoni mjini Amu, kama mimi, hadhani kwamba jambo hilo lahitaji kuelezwa. Bibi yangu alikuwa akisema ndia ya Shela ina mwenyewe, na mwenyewe ni bahari. Akitaka njia yake, humpisha.

Nimetazama kalenda. Ijumaa yako ilikuwa tarehe 16 ya mwezi wa kuandama, yaani siku za bamvua, wakati maji yanapojaa sana na kupwa sana. Kwetu bamvua huja mara mbili kwa mwezi: mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu. Siku hizo maji hujaa pomoni karibu na saa 10 au saa 11, alfajiri na jioni, na hukauka saa 4 au saa 5, asubuhi na usiku. Wewe ulianza safari maji yakiwa yanapanda kwa kasi. Ungepita saa 4 asubuhi ungekuta mchanga mpana, punda wanatembea na watoto wanacheza mpira.

Kila siku inayofuata, maji huchelewa kwa kiasi cha dakika 50. Kwa hiyo ukijua mwezi ni wa ngapi, unaweza kupiga hesabu ya maji ukiwa kitandani Nakuru. Msikiti wowote ulio karibu nawe watakwambia tarehe ya mwezi, hata kama hujui kuisoma mbinguni.

Na usione aibu. Mwaka 1812 hivi, majeshi ya Pate na ya Wamazrui wa Mombasa yalikuja kuipiga Lamu, yakateremka hapohapo Shela. Wazee husimulia kwamba yaliposhindwa yalikimbilia majahazi yao, yakayakuta yamekaa juu ya mchanga, maji yamekupwa. Wewe ulilowa suruali tu.

SWALI: Tuko vijana watano, tunapenda kutembea masafa marefu. Tumezoea Ngong na Aberdare. Je, Lamu kuna njia ya kututoa jasho, au ni kisiwa cha kula mahamri na kulala? – Kijana, Kitengela

JIBU: Mahamri yapo, na kulala kupo. Lakini tokeni Shela kwa miguu mfuate ufuo wa nje, upande wa bahari kuu, mpaka kijiji cha Kipungani, halafu mniandikie tena.

Ufuo wenyewe ni wa kilomita 12 hivi, na hadi mfike kijijini mtakuwa mmeongeza kidogo. Kwa watu wa Ngong kilomita 12 si kitu. Ila huko mlima una kivuli, na huku hakuna mti, hakuna duka, hakuna kisima cha njiani. Kuna mchanga, jua na upepo. Kila mtu abebe maji lita 3, na asiwepo wa kusema nitakunywa ya mwenzangu.

Chagueni siku za bamvua, muondoke Shela saa 12 na nusu asubuhi. Maji yatakuwa yanashuka, na yakishuka huacha nyuma mchanga uliolowa na kukaza, unatembea juu yake kama saruji. Mkienda maji yamejaa, mtasukumwa juu kwenye mchanga mkavu, kila hatua mguu unazama, na baada ya saa moja mashavu ya miguu yatawaka moto. Nimewahi kuwaona watu wazima wameketi chini katikati ya ufuo, hawaendi mbele wala hawarudi, wanatazamana tu.

Upepo pia una neno. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, atawasukuma mgongoni. Kusi, kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, atawapiga usoni na mchanga juu yake. Wakati wa kusi mimi huifanya safari kinyume: naenda Kipungani kwa boti, narudi Shela kwa miguu.

Mkono wenu wa kulia mtaona vilima vya mchanga. Pandeni kimoja mtazame, inatosha. Msiviteleze kwa mbao wala kuacha chupa juu yake, maana vilima hivyo ndivyo tangi letu la maji. Mvua huzama ndani ya mchanga, ikatulia juu ya maji ya chumvi yaliyo chini, na visima vya Shela vinavyonywesha mji wa Amu vinakamua hapo. Kasa nao hutaga katika ufuo huo. Mkiona mkokoto kama wa gurudumu la trekta unaotoka baharini, upisheni.

Mkifika Kipungani kaeni kivulini, muombe madafu, mtazame wanawake wakisuka mikeka na kofia za ukindu. Boti ya kuwarudisha iagizeni tangu jana yake, na nahodha mwambieni aje alasiri. Saa 4 au 5 maji yatakuwa chini, atakwama kwenye matope ya mikoko na nyinyi mtamlaumu bure.

Wasiotaka jua wapite njia ya ndani kutoka mjini hadi Matondoni, katikati ya minazi na miembe, saa mbili hivi. Mwisho wake mtawakuta mafundi wakiunda mashua kwa mkono. Njia nzuri, ila haina bahari, na mimi bila bahari huchoka haraka.

SWALI: Asalaam aleikum. Nina mabinti wawili, wa miaka 9 na 13. Wanataka kuogelea, nami pia, lakini tunataka pahali pa stara na pasipo na hatari. Jirani yangu anasema Shela mbele ya kijiji panatosha. – Mama wawili, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Jirani yako amepata nusu.

Mbele ya Shela maji yanaonekana kama ya birika, lakini kati ya Shela na kisiwa cha Manda ni mlango wa bahari. Maji yote yaliyoingia ndani ya mikono ya bahari na mikoko hutoka hapo yakipwa, na mkondo wake hauna mzaha. Nilipokuwa na miaka 14 niliweka nadhiri ya kuvuka kwa kuogelea hadi Manda, mbele ya wenzangu, maji yakitoka. Nilipiga mikono kwa nguvu zangu zote nikitazama Manda, na Manda ikawa inapita ubavuni kama gari. Aliyeniokota karibu na Ras Kitau alikuwa mvuvi mwenye dau. Alinipakia, akanipa maji ya kunywa, halafu akanizaba makofi mawili. Mpaka leo namwombea dua.

Kwa hiyo hapo ogeleeni maji yakiwa yanajaa au yamesimama, na msivuke pale yanapowafika kifuani. Mkipita mwisho wa kijiji kuelekea ufuo wa nje ndiko kwenye mawimbi, kwa sababu sehemu hiyo haina mwamba wa kuyavunja. Wakati wa kusi watoto wasiingie kabisa. Na siku yoyote, mtu akihisi anavutwa nje, asipigane kurudi moja kwa moja. Aogelee kwa ubavu, sambamba na ufuo, mpaka mkondo umwachie, ndipo ageuke.

Wenye kutembea nimewapa siku za bamvua. Nyinyi wa kuogelea chukueni kinyume chake, maji mafu, mwezi unapokuwa nusu. Bahari hainyanyuki sana wala haishuki sana, na mkondo hupoa.

Kuhusu stara, kodini mashua hadi ufuo wa Manda unaotazamana na Shela. Nendeni mapema, siku ya kazi. Nahodha mwambieni akae mbali, lakini mahali anapowaona mkipunga leso. Nahodha wa heshima atageuza uso bila kuambiwa, na asiye na heshima msimlipe kabla. Vazi: suruali ya kubana kidogo na kanzu fupi. Dera msiingie nalo majini. Linajaa kama tanga, likishalowa linafunga miguu. Buruteni nyayo mnapoingia, kwa sababu taa, samaki bapa mwenye mwiba mkiani, hupenda kulala mchangani na huondoka akisikia mtu anakuja. Anayechomwa ni anayemkanyaga.

Mkirudi kijijini jifungeni leso kabla ya kupanda ngazi. Kwako najua sina haja ya kusema. Nasema kwa wengine wanaosoma juu ya bega lako.

SWALI: Takwa kunafaa kwenda na wanafunzi 20? – Mwalimu mwenzako, Garsen

JIBU: Kunafaa sana, lakini tazama mwezi kwanza. Takwa, magofu ya mji wa kale upande wa pili wa Manda, hufikiwa kwa kijito cha mikoko ambacho maji yakitoka hubaki tope. Tarehe 11 na 12 za mwezi wa kuandama, na tena 26 na 27, maji hujaa karibu na adhuhuri. Ingieni yakipanda, muwe botini kabla hayajashuka sana. Mna saa mbili, tatu mkiwa wepesi.

Waonyeshe msikiti wenye mnara juu ya kibla, na kaburi la mnara lenye maandishi ya mwaka 1682 hivi. Waambie mji ulihamwa katika karne ya 17, na kwamba watu wake ndio wanaosemwa kuhamia Shela. Hadi leo watu wa Shela huenda kwenye kaburi hilo kuomba mvua. Baada ya magofu kuna njia fupi ya kutokea bahari kuu. Waacheni watazame mawimbi. Wanafunzi 20 na mawimbi yale, kuogelea hapana.

SWALI: Mama mkwe wangu anaumwa na magoti, na ameng'ang'ania kuja nasi Shela. Nimpandishe punda? – Mkwe mwema, Voi

JIBU: Mpandishe boti, gatini mjini, maji yakiwa juu, maana yakipwa ngazi zile huota utelezi wa kijani. Punda umpande wewe.