Watu 20 Makumbusho, siku moja inatosha

Dada, kwa hiyo trip ya chama yenu na watoto, watu 20 siku moja Makumbusho ya Nairobi, fikeni mapema kabla mabasi ya shule hayajajaza pale. Msijaribu kuona kila kitu, nendeni kwanza kwa yule kijana wa Turkana, yaani mifupa ya mtu wa kale, kipande cha kwanza alikiona mtafuta visukuku Kamoya Kimeu 1984, ni ya miaka kama milioni 1.5 na karibu yote ipo, hapo tulieni kabisa, mimi husimama hadi machozi yananilenga, alafu ndio mpitie ndege na sanamu ya ndovu Ahmed. Nyoka wawe mwisho, watoto wakifika huko hawatoki. Pesa akusanye mtu mmoja. Kutoka tao, matatu za Westlands zinawashusha Museum Hill.