Sanduku la Maswali: Marekani ya Nyumbani na Marekani ya Ugenini

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu Marekani, na ukizisoma zote utaona zinazunguka jambo moja: mbona msimamo wa taifa hilo mbele ya ulimwengu hubadilika upesi, na ni nani hasa anayeubadilisha? Tumechagua barua nne. Mjibu wa safu hii anaamini kwamba sera ya nje ya Marekani hupikwa makanisani, migodini, mahakamani na kwenye vituo vya kura vya Wamarekani kabla ya kupakuliwa na Wizara ya Mambo ya Nje, na majibu yanayofuata yameandikwa kwa mtazamo huo.

*Ndugu Mhariri, nafundisha Uraia katika shule ya sekondari. Wanafunzi wameniuliza inakuwaje Marekani iingie katika Mkataba wa Paris wa tabianchi, itoke, irudi, kisha itoke tena. Sikuwa na jibu la kuwaridhisha. Je, mkataba si mkataba?* (Mwalimu, Morogoro)

Mwalimu, wanafunzi wako wamegusa penyewe. Katiba ya Marekani inataka mkataba wa kimataifa ukubaliwe na theluthi mbili ya maseneta waliohudhuria, yaani 67 iwapo wote 100 wamo ukumbini, na idadi hiyo ni shida kuipata katika nchi ambayo vyama vyake viwili vinakaribiana nguvu. Rais Woodrow Wilson alikwenda Paris yeye mwenyewe kujadili amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, akarudi nyumbani na Mkataba wa Versailles, Seneti ikaukataa, na Marekani haikupata kuwa mwanachama wa Shirikisho la Mataifa, lililoutangulia Umoja wa Mataifa, ambalo Wilson mwenyewe ndiye aliyelipigania. Marais waliofuata wamezidi kutumia njia nyingine, nayo ni makubaliano yanayoingiwa kwa mamlaka ya rais peke yake. Njia hiyo ni ya haraka, lakini jambo lililofungwa kwa saini ya rais mmoja hufunguliwa kwa saini ya mwingine. Barack Obama aliiingiza Marekani katika Mkataba wa Paris mwaka 2016. Donald Trump akatangaza kujitoa mwaka 2017, hatua iliyokamilika Novemba 2020. Joe Biden akasaini kurudi siku ileile aliyoapishwa, Januari 20, 2021. Na Trump aliporejea madarakani Januari 20, 2025, akaagiza kutoka tena siku hiyohiyo.

Kwa nini basi Obama hakuupeleka Seneti? Kwa sababu jibu alikuwa akilijua. Julai 1997, miezi michache kabla ya mkutano wa tabianchi wa Kyoto, Japani, Seneti ilipitisha azimio kwa kura 95 bila hata moja ya kupinga, ikisema Marekani isitie saini makubaliano yatakayozibana nchi tajiri na kuziacha zinazoendelea, au yatakayoudhuru vibaya uchumi wake. Mmoja wa waliolileta azimio hilo alikuwa Robert Byrd, seneta wa Democratic, chama kilekile cha rais wa wakati huo, Bill Clinton. Byrd aliwakilisha West Virginia, jimbo la makaa ya mawe, na alilelewa katika nyumba ya mchimba makaa. Wapiga kura wake walipolisikia neno Kyoto, walisikia mgodi ukifungwa. Ukipata nafasi, waonyeshe wanafunzi wako ramani ya West Virginia kabla hujawaonyesha ya dunia.

*Mimi ni muuguzi, na nimefanya kazi ya uzazi wa mpango kwa muda mrefu. Rais mpya akishaapishwa Washington, haupiti muda tunaambiwa masharti ya fedha yamebadilika, na kila mara ni habari ya utoaji mimba, jambo ambalo sisi hata hatulifanyi. Ugomvi wao unatuhusu nini?* (Muuguzi, Mwanza)

Dada, sharti hilo lina jina na lina siku ya kuzaliwa. Linaitwa Sera ya Mexico City, kwa kuwa serikali ya Ronald Reagan ililitangaza katika mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu idadi ya watu uliofanyika jijini humo Agosti 1984. Ieleweke kwamba fedha za misaada za Marekani zilikuwa zimekwisha katazwa kugharimia utoaji mimba kama njia ya uzazi wa mpango tangu 1973, kwa sheria ya Bunge inayojulikana kwa jina la seneta Jesse Helms. Sharti la Reagan lilivuka hapo. Lilitaka asasi ya kigeni inayopokea fedha za uzazi wa mpango kutoka Marekani iahidi kwamba haitatoa mimba kama njia ya uzazi wa mpango wala kuihimiza huduma hiyo, hata kwa fedha ilizozipata kwingine kabisa. Ndiyo maana hata kituo kisichotoa mimba kinaguswa, kwa sababu ahadi inayotiwa saini inahusu pia ushauri unaotolewa chumbani na hoja zinazopelekwa kwa watunga sheria. Wapinzani wake huiita kanuni ya kuziba midomo.

Sasa itazame kalenda. Mahakama ya Juu ya Marekani iliitambua haki ya kutoa mimba katika kesi ya Roe dhidi ya Wade Januari 22, 1973. Clinton aliifuta Sera ya Mexico City Januari 22, 1993. George W. Bush akairudisha Januari 22, 2001. Obama akaifuta Januari 23, 2009, Trump akairudisha Januari 23, 2017 na kuipanua iguse sehemu kubwa ya misaada ya afya, Biden akaifuta Januari 28, 2021, na Trump akairudisha Januari 24, 2025. Tarehe hizo hazikujipanga zenyewe. Kila Januari, karibu na kumbukumbu ya hukumu ile, wapinzani wa utoaji mimba huandamana Washington kwa maelfu, na rais mpya anayetaka kuwafurahisha, au kuwafurahisha mahasimu wao, hana haja ya kulisubiri Bunge. Ndani ya nchi mikono ya wanasiasa ilikuwa imefungwa na Mahakama kwa karibu miaka 50, hadi Juni 24, 2022, hukumu hiyo ilipotenguliwa na suala likarudishwa kwa majimbo. Nje ya nchi hapakuwa na wa kuwafunga. Niseme wazi kwamba hili linanikera kuliko sera yenyewe: ugomvi ulioshindikana kumalizwa nyumbani ulihamishiwa mahali ambapo anayeumia hana kura ya kumwadhibu aliyemuumiza.

Hata hivyo sipendi uamini kwamba wapiga kura wa kidini wa Marekani wameleta masharti peke yake. Wakristo wa kiinjili walikuwa miongoni mwa waliousukuma mpango wa dharura wa UKIMWI, PEPFAR, ambao Bush aliutangaza Januari 2003 akiomba dola bilioni 15 kwa miaka mitano, na dawa zilizofuata wewe umezigawa kwa mikono yako. Alama yao ilionekana ndani ya sheria yenyewe: theluthi moja ya fedha za kinga ilitakiwa kuhimiza watu wajizuie na ngono hadi ndoa, sharti lililolegezwa mwaka 2008. Miaka 20 baadaye ugomvi wa mimba uliufikia mpango huo pia, na Bunge, lililokuwa limezoea kuuongezea miaka mitano mitano, likaurefusha kwa mwaka mmoja tu Machi 2024.

*Marehemu babu yangu alipenda kusimulia kwamba mawaziri na mabalozi wa kwanza wa Afrika huru walifukuzwa mikahawani Marekani kwa sababu ya rangi yao. Ni kweli, au ni chumvi ya wazee? Na kama ni kweli, ilibadilisha chochote?* (Mjukuu, Tanga)

Babu yako hakutia chumvi. Oktoba 1957, miezi saba baada ya uhuru wa Ghana, waziri wake wa fedha, Komla Gbedemah, aliingia katika mkahawa wa barabarani mjini Dover, jimbo la Delaware, akaagiza maji ya machungwa. Aliambiwa anaweza kuondoka nayo, lakini kuyanywea humo ndani hapana, kwa kuwa watu weusi hawaruhusiwi. Akajitambulisha, haikusaidia. Kilichomuuma zaidi, na hakukificha, ni kwamba mwaka uleule Makamu wa Rais Richard Nixon alikuwa amekula nyumbani kwake Ghana. Haukupita muda Rais Dwight Eisenhower akamwalika Gbedemah kifungua kinywa Ikulu ya White House. Eisenhower alikuwa na kila sababu ya kuharakisha, kwani Septemba 24 mwaka huo alikuwa amepeleka wanajeshi Little Rock, Arkansas, wawalinde wanafunzi tisa weusi wanaoingia katika shule ya wazungu, na katika hotuba yake ya usiku huo alilalamika kwamba maadui wa Marekani wanakifurahia kisa hicho. Hata kabla yake, Desemba 1952, Wizara ya Sheria ilikwisha kuiandikia Mahakama ya Juu, katika kesi ya Brown iliyokuja kuharamisha ubaguzi shuleni mwaka 1954, kwamba ubaguzi unaipa propaganda ya kikomunisti cha kusaga.

Mwaka 1960 nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, na wanadiplomasia wake wakawa wanasafiri kwa gari kati ya Umoja wa Mataifa, New York, na mji mkuu wa Washington, wakipita Barabara ya 40 ya jimbo la Maryland. Mwaka 1961 balozi wa Chad, Malick Sow, alikataliwa katika mkahawa mmoja wa njia hiyo akiwa safarini kwenda kumkabidhi Rais John Kennedy hati zake za utambulisho. Wizara ya Mambo ya Nje ikaanzisha ofisi maalumu ya kushughulikia aibu hizo, na maofisa wake wakawa wanawabembeleza wenye mikahawa wawapokee wageni.

Hapo pana kisa ambacho sijachoka kukisimulia. Waandishi weusi watatu wa gazeti la Afro-American la Baltimore walikodi gari la kifahari, wakavaa mavazi ya kifahari, wakapita Barabara ya 40 wakijitambulisha kuwa ujumbe wa nchi iitwayo Goban, nchi ambayo haimo katika ramani yoyote. Wakapata meza na chakula mahali ambapo Mmarekani mweusi mwenye suruali na shati la kawaida angeonyeshwa mlango. Wasomaji wa gazeti hilo walicheka, nao waliuelewa uchungu uliokuwamo: serikali ilikuwa ikimwombea mgeni mweusi nafasi ya kukaa na kumwacha raia mweusi amesimama nje. CORE, shirika lililopigania haki za Wamarekani weusi, likapeleka waandamanaji katika barabara hiyohiyo, Maryland ikapitisha sheria dhidi ya ubaguzi mikahawani mwaka 1963, na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 ikalimaliza suala hilo kwa nchi nzima, kisheria angalau. Aibu ya kidiplomasia ilisaidia kusukuma, lakini waliopigwa virungu na kuswekwa rumande hawakuwa mabalozi.

Mkondo huo umewahi kutiririka kinyume pia. Wanaharakati weusi walioyajua mapambano ya nyumbani ndio walioanza kuketi ndani ya ubalozi wa Afrika Kusini mjini Washington Novemba 1984, wakikamatwa kwa zamu, huku wanafunzi wakivibana vyuo vyao viuze hisa za kampuni zilizofanya biashara na serikali ya makaburu. Mwaka 1986 Bunge likapitisha vikwazo. Reagan akatumia kura ya turufu. Bunge likaishinda kwa kura 313 dhidi ya 83 katika Baraza la Wawakilishi na 78 dhidi ya 21 katika Seneti, iliyokuwa mikononi mwa chama chake mwenyewe.

*Kwa nini vijana wa Marekani waliandamana sana dhidi ya vita vya Vietnam, lakini vya Afghanistan vikaenda miaka 20 bila zogo kama lile?* (Msomaji, Mombasa)

Sababu ni zaidi ya moja, lakini naiweka mbele hii: vita vya Vietnam viliweza kumwita kijana yeyote. Usiku wa Desemba 1, 1969, ili kupanga nani atangulie kuitwa jeshini kwa lazima, tarehe za kuzaliwa ziliokotwa moja baada ya nyingine kutoka chombo cha kioo mbele ya kamera za televisheni, na ya kwanza kutoka ilikuwa Septemba 14. Aliyezaliwa siku hiyo, akiwa na umri uliotakiwa, alijua kwamba yeye ndiye atakayetangulia kuitwa. Wamarekani zaidi ya 58,000 walikufa katika vita hivyo. Uandikishaji wa lazima ukakoma mwaka 1973, na tangu hapo wanaopigana ni waliojiunga kwa hiari, sehemu ndogo ya taifa.

Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria ya mamlaka ya vita, likiishinda kura ya turufu ya Nixon, aliyekuwa rais wakati huo, ili rais asipeleke majeshi vitani kwa zaidi ya siku 60 bila kibali cha Bunge. Lakini Septemba 2001, siku tatu baada ya mashambulizi ya New York na Washington, lilitoa kibali kisicho na kikomo cha muda wala cha mahali. Katika Baraza la Wawakilishi kura zilikuwa 420 dhidi ya moja, ya Barbara Lee wa California, na marais wa vyama vyote viwili wamekitumia kibali hicho hadi Yemen na Somalia. Daftari la wanaoweza kuitwa jeshini lilirejeshwa mwaka 1980, na sheria ingali inataka wanaume wa miaka 18 hadi 25 wawemo. Hakuna aliyeitwa kutoka humo.