Klachi inaganda chini nikibadilisha gia kwa kasi

SWALI: Fundi habari, nina gari ya spoti ya gia za mkono, nikiendesha taratibu klachi iko poa kabisa ila nikiivuta mpaka karibu rpm 6000 nikibadilisha gia pedeli inabaki chini, mpaka niinyanyue na mguu. Naambiwa nibadilishe klachi nzima, ni kweli?

JIBU: Subiri kwanza, usitoe hela ya klachi bado. Kama haitelezi na gia zinaingia vizuri basi mi naanza na mafuta ya klachi (yale yanayopeleka nguvu ya pedeli kwenye klachi), fungua kakopo kake ka juu uangalie rangi, yakiwa meusi kama kahawa ujue kuna vumbi la klachi na unyevu ndani, na mafuta ya DOT 4 (aina ya mafuta ya breki na klachi) mapya yanachemka kuanzia 230°C lakini yakishanyonya maji hata 155°C yanaweza kuchemka, na silinda ya chini (ile inayosukuma klachi yenyewe) kwenye magari mengi ya hivi iko ndani ya giaboksi karibu na joto lote lile. Yakichemka yanatoa mvuke, presha inapotea, pedeli hairudi. Nyonya ya zamani, weka mapya ya aina iliyoandikwa kwenye mfuniko, toa hewa, rudia mpaka yawe meupe.

Bado inaganda? Kagua springi ya pedeli na mpira wa silinda ya juu (ile inayosukumwa na pedeli), ukikuta umelowa nyuma ya pedeli hiyo silinda imekwisha. Presha pleti (sahani inayobana klachi) iache mwisho kabisa, maana hapo lazima giaboksi ishuke.