Muulize Mwalimu: Siku tatu Lushoto na mama mwenye goti

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwezi wa saba nachukua likizo na ninataka kumpeleka mama yangu Lushoto kwa siku tatu. Ana miaka 68 na goti moja linamsumbua. Mimi na mwanangu wa darasa la sita tunapenda kutembea, mama yeye anapenda hadithi za zamani. Kila ninayemuuliza ananitajia jabali la Irente tu. Hakuna kingine? Msomaji, Tabata.

JIBU: Marahaba mwanangu. Mimi ni mzaliwa wa Soni na nimefundisha historia milimani humo mpaka nikastaafu, kwa hiyo ujue unamuuliza mtu anayependelea kwao.

Nguo kwanza. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na mwezi wa saba si mchezo. Kila mwaka nawaona watu wa Dar wanashuka kwenye basi na fulana, magharibi wako sokoni wanachagua masweta ya mtumba. Mama mfungie soksi nzito na kanga ya ziada ya kujifunika magoti. Kutoka Mombo barabara inapanda kwa kona kali, basi mkalishe dirishani, na Soni mshuke kidogo mtazame maporomoko.

Irente nendeni, ila si asubuhi. Mwaka mmoja niliwapeleka wageni saa mbili asubuhi. Tulisimama ukingoni mwa jabali, mbele yetu ukungu mweupe kama tui, hata mkono wa mwenzio huuoni vizuri. Kutoka chini kabisa, upande wa Mazinde, tukasikia honi ya lori. Huo ndio utalii tulioupata siku hiyo! Nendeni saa tisa au saa kumi, jua likiwa limeshafanya kazi yake. Nyika yote itakuwa miguuni penu. Mama apelekwe na gari, nyinyi mtembee. Mkirudi, piteni shambani Irente mle mkate na jibini yao.

Msitu wa Magamba uwe wa wewe na mtoto. Kiingilio kinalipwa serikalini kwa namba ya malipo, mchukue na mwongoza njia. Tazameni juu mtafute mbega, halafu mtazame vichakani: kuna kinyonga wa Usambara mwenye pembe mbili puani, na ukipita haraka humwoni. Bei ya mwongozaji ikubaliwe kabla ya kuondoka. Mimi, mtoto wa hapo hapo, nimewahi kulipishwa mara mbili.

Mjini Lushoto kwenyewe mwambie mama kwamba Wajerumani walipaita Wilhelmstal, bonde la Wilhelm, kwa jina la mfalme wao. Inatosha. Historia yenyewe iko Vuga.

Vuga ndiko walikotawala Wakilindi, ukoo wa wafalme wa Wasambaa. Wasambaa husimulia kwamba Mbegha, mwindaji kutoka Nguu, alifukuzwa kwao kwa kuwa alikuwa kigego, meno ya juu yalitangulia kuota. Akaingia Usambara na mbwa wake, akawaua nguruwe waliokuwa wanamaliza mashamba, nyama akawagawia watu, nao wakampa vyakula vya shamba. Njiani kwenda Vuga akaua simba. Wakamtawaza, na wafalme wa ukoo wake wakaitwa Simba Mwene. Mjukuu wa vizazi vya baadaye, Kimweri ye Nyumbai, ndiye aliyempokea mmisionari Krapf hapo Vuga mwaka 1848.

Sasa nisikudanganye: usitegemee magofu ya mawe kama ya Kilwa. Nyumba za Vuga zilikuwa za miti na nyasi, na nyasi hazingoji watalii. Utakachokuta ni kijiji, migomba na wazee. Ndiyo maana nasema panamfaa mama yako kuliko nyote: hapandi jabali, anapewa kigoda. Pitieni kwanza ofisi ya kijiji mjitambulishe, mseme mnatafuta mzee anayejua habari za Wakilindi. Bebeni sukari na majani ya chai, msiende mikono mitupu. Na mama asianze kwa kuuliza habari za wafalme. Aulize habari za nguruwe, kisha asogeze kigoda karibu.