Maswali Yenu: Meza Iliyopasuka Baada ya Kuhama

SWALI: Nilitengenezewa meza ya mkaratusi mjini Kisumu, nikaihamishia Nakuru. Baada ya miezi 3 uso wake umepasuka katikati. Je, fundi aliniuzia mbao mbovu?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Ndugu msomaji, huenda mbao hazikuwa mbovu bali mbichi, na pia zilifungwa vibaya. Mbao hunyonya unyevu wa hewa na kuutoa, kwa hiyo hutanuka na kusinyaa kwa upana, ilhali kwa urefu, yaani kufuata nyuzi zake, karibu hazibadiliki. Meza iliyozoea hewa nzito ya ziwani ikifika kwenye ukavu wa Bonde la Ufa, uso wenye upana wa sentimita 90 unaweza kupungua milimita kadhaa. Na mkaratusi, tofauti na mvule, una sifa mbaya kwa jambo hili.

Chungulia chini ya meza. Ukiona skrubu zimekazwa pande zote kwenye fremu, au gundi imepakwa kotekote, hapo ndipo kosa lilipo, kwa kuwa ubao ulitaka kusinyaa ukazuiwa, ukapasuka. Mwambie seremala alegeze skrubu na kurefusha matundu ya skrubu kwenye fremu kuelekea upana wa uso, yaani kukingama nyuzi zake, ili ubao uteleze. Ufa usizibwe sasa. Usubiri utulie, kisha upachikwe kipande chembamba cha mbao ileile kwa gundi. Vanishi ipakwe juu na chini, ingawa mafundi wengi huuacha upande wa chini mtupu kwa kubana matumizi.